Mtoto Mdogo Akiugua Nawe Uko Ugenini Mombasa: Mwongozo wa Kumuuguza Nyumbani

Swali hili huja karibu kila wiki, na mara nyingi huja usiku. "Dada, mtoto mwili unamchemka, nimpe nini?" "Ametapika mara nne, nimpeleke sasa au nisubiri kupambazuke?" Wanaouliza ni kina mama wenzangu tuliokuja Mombasa kutoka kwingine: Tanga, Bujumbura, Bukavu, Kampala, wengine Moroni. Mama mzazi yuko mbali, mama mkwe yuko mbali, na majirani bado unawaita kwa namba ya mlango kwa kuwa majina hujayajua.

Mimi nilihamia Mikindani ya hapa Mombasa mwanangu akiwa na miezi 14. Usiku mmoja, saa nane, akashikwa na homa. Nikampigia mama yangu Morogoro. Hakuuliza homa ni kali kiasi gani. Aliuliza: "Mara ya mwisho kukojoa ilikuwa saa ngapi? Amenyonya mara ngapi tangu magharibi? Hiyo dawa umempa kiasi gani, na saa ngapi?" Sikuwa na jibu hata moja. Nilikuwa nimempakata tangu jioni, nikilia naye, na sikuwa nimeangalia kitu. Tangu siku ile huwa naandika, na utaona daftari likirudi karibu kila hatua hapa chini.

Mwongozo huu ni wa mtoto wa mwaka 1 hadi 3. Mtoto wa chini ya miezi 3 akipata joto hauguzwi nyumbani hata saa moja. Huyo ni wa hospitali papo hapo.

Kwanza: dalili za kuondoka nyumbani sasa hivi

Usiendelee kusoma, beba mtoto uondoke, ukiona mojawapo ya haya:

- Hawezi kunywa wala kunyonya, au anatapika kila kinachoingia.
- Amepata degedege, au linaendelea.
- Amelegea, haamki vizuri, hakutambui.
- Anapumua kwa taabu: ngozi ya chini ya mbavu inaingia ndani kila akivuta pumzi, au anatoa mlio akivuta hewa.
- Midomo au ulimi umekuwa wa buluu au umepauka sana.
- Shingo imekakamaa, au ana vipele vyekundu vya damu ambavyo ukivibonyeza havipotei.
- Kinyesi kina damu, au anaharisha maji meupe mfululizo kama maji yaliyooshewa mchele.

Namba za dharura Kenya ni 999 na 112, na Msalaba Mwekundu wa Kenya wako kwenye 1199. Lakini nikwambie ukweli wa hapa: mara nyingi kitakachokufikisha haraka ni tuktuk ya mtaani kwako. Ndiyo maana namba ya dereva imo kwenye orodha inayofuata.

Vitu vya kuwa navyo kabla hajaugua

Vinunue mchana, mtoto akiwa mzima anacheza. Kumbuka hapa duka la dawa huitwa kemisti.

- Kipimajoto cha betri. Mkono wa mama unajua kuna joto, haujui ni kiasi gani.
- Siropu ya parasetamoli, chupa moja tu, ya jina moja.
- Bomba la plastiki la kunyweshea dawa, lenye alama za mililita. Kijiko cha jikoni si kipimo: kimoja hubeba mililita 3, kingine 7.
- Pakiti 4 za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudishia maji mwilini) na vidonge vya zinki. Siku hizi huuzwa pamoja.
- Chombo unachokijua ujazo wake: chupa ya maji ya nusu lita au ya lita moja, iliyooshwa.
- Kijitabu cha kliniki cha mtoto. Kama alichanjwa nyumbani, chukua kadi ile ya zamani uende nayo kliniki ya hapa wamhamishie rekodi. Kenya sindano ya surua na rubela hutolewa miezi 9, kisha miezi 18. Wapo waliokosa ya pili kwa sababu ya kuhama katikati.
- Uzito wa mtoto, uliopimwa ndani ya miezi miwili iliyopita, umeandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari. Dawa nyingi za mtoto hupigiwa hesabu kwa kilo.
- Shilingi za Kenya taslimu, zimewekwa mahali pamoja na paspoti au kitambulisho chako. Usitegemee simu peke yake. Chaji huisha na mtandao hukwama.
- Namba za watu watatu: dereva wa tuktuk anayelala jirani, jirani mmoja mwenye watoto, na mtu mmoja anayekaa upande uleule wa mji na wewe.

Hilo la mwisho nalisisitiza. Mombasa imekatwa na maji. Mtu wa Likoni anayemtegemea shangazi wa Kisauni ana feri na daraja la Nyali kati yao. Fahamu hospitali ya serikali ya upande wako. Likoni kuna ya Likoni, Changamwe na Mikindani tunakwenda Port Reitz, kisiwani kuna ya Tudor, na kubwa kuliko zote ni Coast General, ambayo wazee watakuelekeza kwa jina la Makadara. Ifikie siku moja mchana, ujue mlango wa dharura uko wapi. Uliza siku hiyohiyo kuhusu kujiandikisha SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, na karatasi wanazozitaka kwa mgeni mkaazi.

Na jirani mwenye watoto usimwendee mara ya kwanza usiku wa shida. Mpelekee sahani ya kitu Ijumaa moja, mjuane. Jirani yangu wa chini, bibi wa makamo mwenyeji wa hapa, amewahi kumtazama mwanangu mara moja tu akasema, "Mwanangu, huyu hali hii siyo, vaa twende." Mimi niliyekuwa naye tangu asubuhi nilikuwa nimezoea kulegea kwake, sikukuona.

Hatua ya 1: Mtazame dakika tano kabla ya kumpa chochote

Kaa naye mahali penye mwanga. Andika saa, kisha haya manne.

*Sura yake.* Anakutazama machoni? Ukimpa kitu anakishika? Mtoto mwenye joto la 39 anayetaka kuchukua simu yako ananitia hofu ndogo kuliko mwenye 38 anayetazama ukuta.

*Pumzi.* Mfunue tumbo akiwa ametulia au amelala, uhesabu mipando ya tumbo kwa dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha kwa mbili. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni nyingi. Huyo apelekwe akaangaliwe kifua siku hiyohiyo. Akiwa analia, hesabu haifai, subiri.

*Joto.* Kipimajoto kikae kwapani, mkono umebanwa, mpaka kilie. Kuanzia 37.5 kwapani ni homa. Usipime akiwa ametoka kuoga au amefunikwa. Miezi ya kaskazi, Januari hadi Machi, nyumba za hapa huwa tanuri. Mtoe chumba chenye joto, subiri robo saa, ndipo upime.

*Mkojo.* Pampasi ya mwisho yenye mkojo ilikuwa saa ngapi?

Hatua ya 2: Mpunguzie joto kwa kipimo, si kwa kukisia

Mvue nguo za ziada. Najua tulilelewa mtoto mgonjwa hufunikwa sweta na kofia. Joto la mwili linataka pa kutokea. Fulana nyepesi yatosha, na feni iwepo ila isimpige usoni.

Parasetamoli mpe joto likifika 38.5, au likiwa chini ya hapo na anateseka. Kipimo ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mwili. Soma chupa: nyingi za watoto zina miligramu 120 katika kila mililita 5, lakini zipo za 250 katika mililita 5, na chupa zinafanana. Mfano, mtoto wa kilo 12: kilo 12 mara 10 ni miligramu 120, yaani mililita 5 za ile ya 120. Ukimpa mililita 5 za ile ya 250, umempa zaidi ya maradufu.

Rudia baada ya saa 6 kama joto limerudi. Usirudie kabla ya saa 4 kupita, na usizidishe mara 4 kwa siku nzima, mchana na usiku. Andika kila dozi: saa, mililita, nani amempa. Baba akirudi kazini akampa ya pili bila kujua ulishampa, hapo ndipo watoto huzidishiwa.

Usimwoshe kwa maji baridi wala kumpaka spiriti. Atatetemeka, na kutetemeka kunapandisha joto la ndani.

Aspirini asipewe kabisa. Ibuprofeni nayo iache mpaka daktari aseme, kwa sababu ya Mombasa yenyewe: homa ya dengi ipo hapa, mji uliwahi kupata milipuko mwaka 2013 na 2017, na dawa hizo mbili huongeza hatari ya kuvuja damu kwa mwenye dengi.

Hatua ya 3: Maji, maji, maji

Hapa tulia, kwa maana ndipo kazi yenyewe ilipo. Mtoto anayeharisha na kutapika huumizwa zaidi na kukauka maji kuliko na kuhara kwenyewe.

a) Nawa mikono kwa sabuni. Chukua pakiti ya ORS usome nyuma: nyingine ni za nusu lita, nyingine za lita moja. Pakiti yote imwagwe kwenye ujazo ulioandikwa, si nusu pakiti kwenye kikombe.

b) Maji yawe yamechemshwa yakapoa. Na yawe maji ya kunywa yasiyo na chumvi, si ya kisima chenye chumvi. Wageni wengi wanajikwaa hapa. Visima vingi vya Mombasa ni vya chumvi, na mwenye nyumba hukuwekea mfereji wake bafuni bila kukueleza. Kuchemsha hakuondoi chumvi. ORS imepimwa chumvi yake tayari. Ukiikorogea maji ya chumvi unamzidishia, na chumvi ikizidi ni hatari kwa ubongo wa mtoto. Yaonje maji kwanza. Ya mtungi unaouziwa na mwenye mkokoteni, muulize ni ya mfereji wa kaunti au ya kisima, na hata akijibu, onja. Ukitilia shaka, nunua chupa ya dukani kwa ajili ya dawa tu.

c) Baada ya kila choo cha maji, mtoto wa chini ya miaka 2 apate mililita 50 hadi 100, yaani robo mpaka nusu ya kikombe cha mililita 200. Aliyefika miaka 2 apate 100 hadi 200.

d) Usimpe kikombe agugumie. Kijiko kimoja kidogo kila dakika moja au mbili. Ni kazi ya kuchosha, mkono utakufa ganzi, na hakuna njia ya mkato. Akitapika, mpumzishe dakika 10, uanze tena polepole zaidi, kijiko kila dakika mbili au tatu.

e) Iliyobaki baada ya saa 24 imwage, koroga mpya.

f) Zinki: kwa mtoto wa miezi 6 na zaidi, miligramu 20 mara moja kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Kidonge huyeyuka kwenye kijiko cha maji au maziwa ya mama. Endelea hata kuhara kukikoma siku ya tatu. Wengi huishia hapo, na kuhara hurudi wiki inayofuata.

Na madafu? Kila jirani atakuletea dafu, lipokee kwa shukrani. Maji ya dafu ni mazuri kama kinywaji cha kuongezea, lakini chumvi yake ni kidogo, haichukui nafasi ya ORS. Soda, juisi za pakiti na chai ya sukari nyingi usimpe. Sukari hiyo huvuta maji zaidi tumboni akahara kupita mwanzo.

Anayenyonya aendelee kunyonya, mara nyingi kuliko kawaida.

Hatua ya 4: Chakula

Usimnyime chakula eti tumbo lipumzike. Mpe kidogo mara sita kwa siku: uji mwepesi, wali uliopondwa na mchuzi wa samaki usio na pilipili, ndizi mbivu, viazi, mtori kama wewe ni wa kwetu. Siku mbili za kula kidogo hazimdhuru maadamu anakunywa. Akishapona mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili, arudishe uzito.

Hatua ya 5: Homa yoyote hapa, apimwe damu ndani ya saa 24

Dada aliye Ulaya atakutumia ujumbe kwamba kule huambiwa wasubiri siku tatu. Kule hakuna malaria. Pwani ya Kenya ipo, na mtoto aliyezaliwa nyanda za baridi, kama Arusha, hana kinga aliyoizoea mwenzake wa hapa. Joto likianza leo, kesho wakati kama huu awe ametobolewa kidole. Kipimo cha haraka hutoa jibu kwa dakika kama 15 hadi 20.

Wakikuta malaria atapewa dawa ya mseto, ile inayoitwa AL: dozi 6 kwa siku 3, ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Mpe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo, hufyonzwa vizuri zaidi. Akiitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi hiyo, kisha rudi ukachukue ya kufidia. Maliza zote sita hata akiwa anaruka kitandani siku ya pili.

Wasipokuta malaria, usidai dawa ya malaria. Uliza: "Basi homa inatoka wapi?" Wamwangalie masikio, koo, kifua, mkojo. Joto likiendelea siku mbili, rudi apimwe tena. Na kama ni dengi, kumbuka kitu ambacho huwadanganya wengi: hatari huja joto linapo*shuka*, kati ya siku ya 3 na ya 7. Akiumwa tumbo sana, akitapika mfululizo, akitoka damu puani au kwenye fizi, au akilegea wakati joto limepoa, kimbia naye.

Kama mmetoka safari Kigoma, Mwanza au Kisumu hivi karibuni, mwambie daktari hata asipouliza.

Hatua ya 6: Kupita usiku

Lala naye chumba kimoja, ndani ya chandarua. Weka kengele ya simu kila saa tatu. Ikilia, fanya mambo matatu bila kuwasha taa kubwa: gusa kifua uhesabu pumzi, mwamshe kidogo anywe, andika. Mtoto mwenye homa anayelala kwa utulivu usimwamshe kwa ajili ya parasetamoli. Mwamshe anywe tu.

Udi na ubani ni heshima ya nyumba za hapa, nami nimevipenda. Lakini mtoto anayekohoa moshi haumfai, wala wa dawa ya mbu ya kuwasha. Chumba chake kiepushwe moshi. Mafuta ya kuchua yenye kafuri asipakwe wa chini ya miaka 2. Kikohozi cha mafua kwa aliyepita mwaka kitulize kwa nusu kijiko cha asali. Wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Degedege likitokea: mlaze ubavu chini, sogeza vitu vigumu, tazama saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimmwagie maji, usimfukize. Likipita dakika 5 ni dharura kuu, ondoka naye likiendelea. Likikoma mapema, bado mpeleke usiku huohuo, maana hapa malaria kali na homa ya uti wa mgongo huanza vivyo hivyo. Kuna watakaokwambia ni dege, wengine watasema nyuni, wakutajie mganga. Wanakwambia kwa mapenzi, usigombane nao. Sema, "Ahsante bibi, tunapita hospitali kwanza," huku unaingia kwenye tuktuk.

Hatua ya 7: Ukifika hospitali, sema kwa maneno ya hapa

Kiswahili kimoja, maneno tofauti, na saa mbili za usiku si wakati wa kutoelewana. Kwa Wakenya wengi, hasa wauguzi waliotoka bara, "homa" ni mafua ya kawaida. Ukisema "mtoto ana homa tangu jana" anaweza kuandika pua na kikohozi. Sema "ana joto jingi mwilini, nimepima 39.2". Kuharisha hapa husemwa pia "kuendesha", muuguzi akikuuliza "anaendesha?" hakuulizi gari.

Kisha fungua daftari usome: ameanza lini, joto la juu kabisa, kahara mara ngapi tangu asubuhi, kakojoa saa ngapi, dawa gani, mililita ngapi, saa ngapi. Mimi mpangilio ulinibadilishia kila kitu. Mara ya kwanza, bila daftari, kwenye zahanati moja niliyokimbilia, niliambiwa nirudi kesho kwa kuwa sikuweza kueleza. Mara ya pili nilisoma mistari sita na mtoto akatundikiwa dripu kabla sijakaa.

Usiondoke kabla ya kuuliza: ugonjwa unaitwaje, dawa hii ni ya nini, na nikiona nini nirudi.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

*Parasetamoli mara mbili bila kujua.* Nilifanya hivi mwenyewe. Nilimpa siropu ya joto, kisha siropu ya mafua ambayo ndani yake ilikuwa na parasetamoli ileile. Majina tofauti, rangi tofauti. Soma maandishi madogo, na siropu za mafua na kikohozi ziache kabisa kwa umri huu.

*Antibayotiki iliyobaki ya mtoto mwingine.* Wala Flagyl kwa kila kuhara. Kuhara kwingi kwa umri huu ni virusi. ORS na zinki ndiyo tiba. Dawa za kuzuia kuhara za watu wazima ni hatari kwa mtoto.

*Kukoroga antibayotiki ya unga kwa kukisia.* Mwombe mwuzaji wa kemisti aikoroge mbele yako mpaka kwenye mstari.

*Kuuliza watu kumi.* Chagua wawili. Ukiwa ugenini kila kundi la simu lina daktari wake, na mtoto hupewa dawa nne kabla ya adhuhuri.

Mambo yakikwama

*Anatema dawa yote.* Bomba lielekee ndani ya shavu, si kooni, umpe matone, asubiri ameze. Mwinue kichwa, usimbane pua. Akiitema papo hapo mpe tena. Ikiwa imeshapita muda hujui kiasi kilichoingia, subiri wakati wa dozi inayofuata.

*Anakataa ORS.* Ipoze kwenye friji, ladha hupungua. Mpe kwa bomba au kijiko cha mwanasesere wake. Usiongeze sukari wala juisi ndani. Akikataa saa nne mfululizo na anaendelea kuhara, ni hospitali.

*Hajakojoa.* Saa 6 zimepita bila mkojo: ongeza kasi ya vijiko. Saa 8, au macho yameingia ndani, analia bila machozi, ukifinya ngozi ya tumbo inarudi polepole: nenda.

*Joto halishuki baada ya dawa.* Mpe saa moja. Dawa kazi yake ni kumpunguzia mateso, 39.5 ikishuka hadi 38.6 na akaanza kutazama katuni, imefanya kazi. Likibaki palepale na amelegea, usisubiri.

*Umeme umekatika na hakuna feni.* Fungua madirisha ya pande mbili, mlaze sakafuni kwenye mkeka, chandarua juu. Sakafu ya saruji ni baridi kuliko godoro.

*Uko peke yako, na una mtoto mwingine.* Mpigie yule jirani mapema, saa tatu usiku akiwa bado macho, umwambie, "Mama, mtoto haendi vizuri, huenda nikakugongea." Usingoje saa tisa. Kwa kuwa ameshajua, atalala na simu karibu, na mkubwa wako atakuwa na pa kulala.

*Mama nyumbani analia kwenye simu.* Mtumie picha ya ukurasa wa daftari. Wangu huisoma mstari kwa mstari, kisha huuliza lile ambalo sikuliandika.

Mtoto akishapona, mpime uzito ubadilishe namba ya ukurasa wa kwanza, osha bomba, na pakiti za ORS ulizotumia zinunue asubuhi hiyohiyo kemisti ikifunguliwa.